Nchi ya Nje Ilikuwa Uani

Mama Pacha alikwenda kusoma nchi ya nje mara mbili, na mara ya kwanza hakuvuka hata geti la nyumba yake. Mtaa mzima unalijua hilo, kila mtu analisimulia kwa namna yake, na wengi wanatia chumvi. Lilivyokuwa ni hivi.

Alikuwa mhudumu wa zahanati, yule anayewapokea wagonjwa mlangoni, anayepima joto na presha, anayejua kadi ya nani imewekwa rafu gani. Alianza pale kwa kupiga deki. Sekondari aliikatisha njiani alipoolewa, akashika mimba, na mimba ikatoa watoto wawili wa kike waliofanana hata kwa kupiga chafya. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likapotea, akawa Mama Pacha kwa kila mtu. Watoto wenyewe waliitwa Wa Kwanza na Wa Pili, na mpaka wanaanza sekondari baba yao bado aliwachanganya.

Pacha walipofika umri wa kuja na kazi za shule nyumbani, Mama Pacha alivuta kiti akakaa nao mezani. Wao wakisoma, naye anasoma. Wao wakifuta, naye anafuta. Wakimcheka, anawaomba ufutio. Akarudia mitihani ya sekondari nywele zimeshaanza kuchungulia nyeupe, akafaulu, na daktari mkuu wa zahanati, mwanamke mkali mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akamwambia hana ruhusa ya kuishia hapo. Akahangaika naye huku na huko mpaka akampatia nafasi na ufadhili katika chuo cha ukunga nchi jirani, na chuo kikajibu kwamba aje.

Nchi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Baba yake aliendesha greda la barabara kule miaka mingi, na Mama Pacha alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa barabara, katika mji uleule ambao chuo kilikuwapo. Alijua soko lake lilivyonuka mvua ikinyesha. Alijua watu wa kule wanasalimiana vipi na wakikasirika wanasema nini. Kaka yake mkubwa bado aliishi huko na mke na watoto wake. Basi kila aliyekuja kumpongeza alisema neno lilelile, kwamba ana bahati ya mtende, maana haendi ugenini, anarudi alikolelewa.

Aliyelisikia neno hilo na kukunja uso alikuwa mtu mmoja tu, mama mkwe wake, ambaye wote nyumbani walimwita Bibi.

Bibi alikuwa mtu wa kauli moja. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe tofali kwa tofali, na hakuna msumari uliopigiliwa ukutani bila yeye kuulizwa. Habari ya chuo hakuipinga. Aliisikiliza, akatikisa kichwa, akanyamaza siku kadhaa. Kisha siku moja baada ya chakula, wote wapo, akauliza swali dogo. Siku Mama Pacha akiondoka, katika nyumba hii nani anajua chumvi inakaa wapi?

Wakatazamana. Pacha walijua kula. Kupika hawakujua, na kosa halikuwa lao, maana mama yao alikuwa mtu wa kuwapokonya mwiko akisema waache tu, atafanya mwenyewe, watamchelewesha. Na Baba Pacha ndiyo usiseme. Alikuwa fundi wa makochi, karakana yake iko mbele ya nyumba upande wa barabara, na huko alikuwa fundi kweli, wa kulivalisha kochi kitambaa kipya huku anabishana na mteja habari za mpira, mikono inajiendea yenyewe. Lakini akiingia jikoni alikuwa kama mtu aliyeshushwa na ndege kwenye mji asioujua. Anasimama katikati na kuuliza. Sukari iko wapi? Kisu kiko wapi? Siku moja aliuliza jiko liko wapi naye ameliegemea. Mafundi wenzake walishambandika jina, wakamwita Iko Wapi, na jina likamganda.

Baba Pacha akakohoa, akasema wataweza tu, mama asiwe na wasiwasi.

"Sitaki kuambiwa mtaweza," Bibi akasema. "Nataka kuona."

Hapo ndipo alipolitoa shauri lake, na ilionekana wazi alikuwa amelipika siku zote zile za kunyamaza. Uani kulikuwa na chumba cha nje, kilichokuwa stoo ya vitambaa vya makochi. Kati ya nyumba na chumba hicho ilipita kamba ya kuanikia nguo, imefungwa kwenye ukuta wa jiko na kwenye nguzo ya bafu la nje. Kamba hiyo, Bibi akasema, ndiyo mpaka. Upande huu ni nyumbani. Upande ule, penye chumba, bafu na kigeti cha nyuma, ni nchi ya nje. Mama Pacha achukue likizo kazini, ahamie huko Jumamosi hadi Jumamosi, na vitabu vyake. Asivuke kamba. Asitoe maelekezo kwa kupiga kelele. Simu ruhusa, lakini jioni tu, kwa sababu mwanafunzi mchana yuko darasani. Wiki ikiisha nyumba imesimama, ataondoka na baraka za mikono miwili. Ikianguka, au yeye akivuka hata kwa unyayo mmoja, basi awaandikie chuo wampe nafasi mtu mwingine, na habari hiyo isizungumzwe tena.

Pacha walicheka mpaka wakashikana. Baba Pacha alimtazama mkewe. Mama Pacha hakucheka. Alijua Bibi hatanii, na alijua jambo jingine ambalo hakulisema, kwamba nyumba haikumtia hofu hata kidogo. Alichokiogopa ni miguu yake mwenyewe. Miaka yote ile haikupata kumtokea kusikia sufuria inalia asiinuke.

Akakubali.

Jumamosi wakamsindikiza. Baba Pacha alilibeba begi kichwani ingawa safari yenyewe ilikuwa ya hatua chache, na kwenye kamba akasimama, akapeana mkono na mkewe kama watu wa stesheni. Wa Kwanza akampungia mkono. Wa Pili akamwomba akifika awajulishe. Jirani yao wa nyuma, fundi cherehani, shoga wa Mama Pacha tangu zamani, alikuwa amening'inia juu ya ukuta akiangalia sinema ile ya bure, akapaza sauti kumuuliza Bibi kama naye anaweza kupata viza ya kwenda huko.

"Viza hawapewi wambea," Bibi akamjibu bila kugeuka.

Lakini kigeti cha nyuma hakikuwa na mlinzi, na kabla ya jua kuzama shoga mtu alishaingia kwa Mama Pacha na kigoda chake, akajitangaza kuwa yeye ndiye balozi. Tangu hapo habari zikawa hazikosi.

Siku za kwanza nyumba iliyumba. Mchana wa Jumapili wali ulitoka bokoboko, unashika kijiko hata kikisimamishwa. Jioni simu ya Mama Pacha ikalia, alikuwa mumewe akipiga kutoka sebuleni, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi alimsikia mara mbili, mara moja sikioni na mara moja hewani. Baba Pacha akauliza hali ya hewa ya huko. Akauliza kama amepata marafiki. Kisha akashusha sauti akauliza chujio la chai.

"Iko wapi ndiyo unayotaka kusema," Mama Pacha akamwambia.

"Sijasema."

"Baba Pacha, mimi niko masomoni. Litafute."

Akamsikia akipekua kabati mlango baada ya mlango, akilalamika, kisha akatulia, na Mama Pacha akajua amelipata.

Jumatatu maharage yaliungua. Harufu ilitoka jikoni, ikavuka kamba bila kuomba ruhusa, ikamkuta mezani kwake kwenye sura ya mifupa ya nyonga. Mama Pacha aliinuka kabla hajajijua. Alifika mlangoni, akashika fremu ya mlango, akajikaza kisabuni. Angetoa sauti moja tu, wasikwangue chini, wamimine ya juu kwenye sufuria nyingine. Neno dogo. Akafyata ulimi, na jasho likamtoka kama aliyebeba gunia. Kisha akamsikia Wa Pili akimwambia mwenzake aache kukwangua, anayachanganya mabovu na mazima, alete sufuria ile nyingine. Mama Pacha akacheka peke yake. Akarudi kwenye mifupa yake, na alipokaa akaona kuna kitu kinamchoma, na hakikuwa furaha yote.

Maana nyumba ilikuwa inajifunza. Kila siku balozi alikuja na taarifa mpya. Wali sasa unachambuka. Wa Kwanza ndiye mpishi, Wa Pili ndiye mwosha vyombo, na kila Baba Pacha anapowaita kwa majina wanabadilishana makusudi. Na Baba Pacha mwenyewe amepata njia yake. Jumanne hakufungua karakana mpaka saa za mchana. Alichukua nyundo na misumari, akalipanga jiko lile kama alivyopanga karakana yake, kila kitu ukutani, machoni. Sufuria zimetundikwa kwa ukubwa. Miiko kwenye misumari. Chumvi ndani ya mfuko wa kitambaa cha kochi, wa maua mekundu, umening'inizwa juu ya jiko. Hata ufagio ulipata msumari. Mlango wa jiko ulipokuwa wazi Mama Pacha aliviona kutoka ng'ambo yake, akavitazama kwa muda mrefu. Jiko lake, alilolijua kwa kupapasa, sasa lilikuwa jiko la mtu yeyote anayeingia.

Alitaka nyumba isimame, ndiyo, lakini si kwa haraka vile. Alimwambia balozi hivyo, na balozi akamcheka mpaka akatoa machozi, akasema kumbe mwenzake alitaka kuliliwa na masufuria.

"Bibi je?" Mama Pacha akauliza.

Hapo balozi akaacha kucheka. Bibi, akasema, anakula. Misumari aliiona, akaihesabu kwa macho, na ajabu ni kwamba hakumwuliza mwanawe aliomba ruhusa kwa nani. Zaidi ya hapo yuko kimya.

Simu za jioni zilipita kwa kila mtu, Baba Pacha, Wa Kwanza, Wa Pili, lakini Bibi hakuishika. Simu hakuzipenda tangu zilipoanza. Alisema hawezi kuzungumza na mtu asiyemwona uso, anajiona kama anaongea na kijiko. Na kwa kawaida ya nyumba ile, kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Bibi alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha jikoni na kunyoosha mkono, Mama Pacha anamfunga kitambaa cha mashine ya presha, anapampu, anasikiliza. Kipimo kilikuwa cha muda mfupi tu. Lakini hawakupata kuinuka pale upesi. Mtaa mzima ulipita kwenye mkono ule, nani kaolewa, nani kamkosea nani, nani anajifanya hajui. Mashine ilikuja uani pamoja na begi, Mama Pacha aliichukua kwa mazoea, hakuwaza. Sasa ilikuwa mezani, na kila jioni aliiona.

Jumatano mchana, pacha wako shule na Baba Pacha yuko karakana, Mama Pacha alimwona Bibi akitoka na beseni. Akashangaa, maana Bibi alikuwa hafui tena, magoti hayakumruhusu. Bibi akaweka beseni chini, akatoa shuka jeupe lililolowa maji, akalitandaza kwenye kamba kwa shida, likafunika katikati ya uwanja. Kisha hakuondoka. Miguu yake ilionekana chini ya shuka, imesimama.

"Nimekuja kuanika," sauti ikasema. "Sikuja kuongea na mtu."

Mama Pacha akasogea mpaka upande wake wa shuka. Akamwambia sawa, mama, shikamoo. Bibi akaitikia, akasema hiyo si maongezi, hiyo ni adabu. Kisha akaanza, kama anayeongea na vibanio, kusema kwamba wale watoto wanatia mafuta mengi kwenye mboga. Kwamba mwanawe ameutoboa ukuta kama amejiwa na wazimu. Kwamba mke wa fundi baiskeli amerudi, na yule aliyesema harudi sasa anatafuta pa kuuficha uso. Mama Pacha akauliza karudi lini. Bibi akamwambia. Wakaendelea hivyo, shuka katikati, mpaka likaanza kukauka.

"Mama," Mama Pacha akasema, "si ulisema huwezi kuongea na mtu usiyemwona uso?"

"Naona miguu. Unahitaji kuipaka mafuta."

Alhamisi Bibi akaja tena na beseni, na shuka lilikuwa lilelile, safi kama lilivyokuwa. Balozi aliliona kutoka juu ya ukuta wake, akauliza kama Bibi amefungua biashara ya kufua. Bibi akamwambia aende akashone.

Ijumaa Bibi alichelewa. Mama Pacha alikuwa ameshafungua kitabu na kukifunga mara kadhaa aliposikia beseni likiwekwa chini. Shuka likapanda kambani. Alikwenda haraka, akamwamkia, akasubiri habari za mtaa, lakini Bibi hakuwa na habari za mtaa siku ile. Mkono wake ulionekana kivuli juu ya kitambaa, unanyoosha mkunjo ambao haukuwapo.

"Kesho nitasema nyumba imesimama," akasema. "Nitasema kweli, maana imesimama. Wali wa jana hata wewe ungeuomba."

"Asante, mama."

"Usinishukuru, sijamaliza. Ungekuwa unakwenda ugenini nisingekuwa na neno. Mtu wa ugenini hajisahau, kila kitu kinamkumbusha si kwao. Wewe unakwenda mahali ulipochezea ukiwa mtoto. Kaka yako yuko. Lugha yao unayo. Kwa nini siku ukilala vizuri usiseme, ah, kumbe kwetu ni hapa? Nimeiogopa hiyo, si chumvi. Chumvi mimi mwenyewe najua iko wapi."

Mama Pacha alisimama pale asijue ashike lipi. Wiki nzima alikuwa anailinda safari yake dhidi ya masufuria, na kumbe shauri lote halikuwa la masufuria. Akamwona Bibi akilini, kwenye kiti cha jikoni, vyombo vimeshaoshwa, misumari yote imejaa, mkono hauna mtu wa kunyooshewa.  Akaona jinsi lilivyo jepesi. Akivuka sasa, imekwisha. Hakuna atakayesema Bibi alimzuia, hakuna atakayesema yeye alikataa, itakuwa ni kanuni tu imefanya kazi. Akashika pindo la shuka, akainua mguu.

"Weka huo mguu chini," Bibi akasema.

Mama Pacha akabaki na mguu hewani.

"Nauona. Uweke chini, nakuambia. Ukivuka utakuwa umerudi kwa ajili yangu, na kila nikiumwa kichwa utanitazama kama mtu anayenidai chuo. Mimi mzigo huo siutaki, nimezeeka. Weka chini."

Akauweka chini, upande wake.

 Karakana ilisikika ikigonga misumari. Kisha shuka likasukumwa, na mkono wa Bibi ukatokea, ukaitafuta kamba, ukaiinua juu. Akainama polepole, mkono mwingine umeshika kiuno, analalamikia magoti yake kwa sauti, akapita chini ya kamba, akainuka upande wa pili, mbele ya mkwewe, anatweta.

"Mama, umevuka."

"Kanuni ilikuwa yako. Mimi nani kanikataza kutembea?" Akautengeneza mtandio wake. "Watu wa huku hawakaribishi wageni ndani?"

Chumba alikikagua chote kabla ya kukaa. Akasema dirisha dogo. Akasema kitanda kimesimama vibaya, mtu akilala hivi miguu inatazama mlango. Akafunua kitabu kilichokuwa mezani, akaiona picha ya mtoto amejikunja tumboni, akaitazama kwa makini, akasema alizaa wanne na hakuna hata mmoja aliyekaa vizuri hivyo. Kisha akakaa kitandani, akanyoosha mkono. Mama Pacha akafunga kitambaa cha mashine, akapampu, akasikiliza. Ilikuwa juu kidogo.

"Ni ile kamba," Bibi akasema. "Ngoja nipumue."

Wakangoja, na wakati wa kungoja Mama Pacha akamjibu, sasa wanaonana uso. Alimweleza nchi ile kama anavyoijua. Barabara za baba yake, anazijua zote. Soko, analijua. Angeweza kutembea kule amefumba macho. Lakini aliondoka mtoto, na wote waliomjua mtoto yule wamemsahau, hata kaka yake kila akipiga simu anamuuliza kama bado anapenda pipi za rangi.

"Kule nani anajua kwamba nikinyamaza nina njaa?" akasema.

Bibi akafikiri. "Hilo kweli. Na unanuna vibaya sana."

"Nitarudi, mama. Si kwa sababu nitakuwa mgeni. Ni kwa sababu nina kwangu."

 Bibi akamwambia apime tena. Akapima, imeshuka. Basi Bibi akajinyoosha vizuri kitandani, akaweka mto mgongoni, ndipo habari za mtaa zikaanza, zote alizozinyima shuka: fundi baiskeli na mkewe walivyopatana, mwalimu mkuu aliyevaa viatu tofauti mpaka kengele ya mchana, na balozi mwenyewe, ambaye kumbe ana mchumba na hajamwambia mtu.

Jua lilikuwa limeinama waliposikia milango ikifunguliwa ndani ya nyumba mmoja baada ya mwingine. Pacha walirudi, wakakuta kiti cha Bibi kitupu. Baba Pacha akatoka uani na nyundo mkononi, akalitazama shuka, akalitazama beseni.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

Bibi akatoa kichwa dirishani.

"Niko nchi ya nje," akasema. "Nimekuja kumsalimia mkwe wangu. Pikeni, nitarudi wakati wa kula."

Kicheko kilichofuata kilimfanya balozi achomoze juu ya ukuta, karibu adondoke. Baba Pacha alikaa chini palepale kwenye beseni lililogeuzwa, akashika kichwa, hajui acheke au aulize zaidi. Wa Kwanza akasema kama Bibi amevuka, basi kanuni imevunjika. Wa Pili akamwambia anyamaze, kanuni haikumtaja Bibi. Wakabishana mpaka wakasahau mboga jikoni, wakakimbia wote wawili.

Jumamosi hukumu ilitolewa mezani, na haikuwa ndefu. Bibi alisema nyumba imesimama. Alisema mafuta yapunguzwe. Alisema ile misumari ibaki. Mama Pacha akavuka kamba mchana kweupe, akaingia jikoni mwake, akatafuta chumvi kabatini alikozoea, akaikosa, akageuka na mdomo wazi, na watu watatu wakamwonyesha ukutani kwa pamoja.

Kisha kukawa na pilikapilika za kweli. Pasi ya kusafiria, chanjo, sare za chuo ambazo balozi alizishona na kuzifumua kwa sababu Mama Pacha alikuwa amenenepa wiki ile ya kukaa. Daktari mkuu akampa saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya moyo wa mtoto. Kaka mtu akapiga simu kusema chumba kipo. Mama Pacha akamshukuru na kumwambia atakaa bwenini, atakuja kula Jumapili.

Na siku ya kwenda kupiga picha za pasi, alipofika mlangoni alimkuta Bibi amevaa, mtandio mzuri, pochi mkononi. Akamuuliza anakwenda wapi. Bibi akamwambia wanapokwenda. Akasema amefikiri, naye anataka pasi. Likizo za wanafunzi ziko mbali, na simu atajifunza, Wa Pili ameahidi kumfundisha, lakini hawezi kuridhika na kuuona ule uso kwenye kioo kidogo kama kiganja. Mwaka ukifika katikati atapanda basi aende akaone bweni limekaa vipi. Hajapata kuvuka mpaka maisha yake, akasema, ila ule wa juzi, na umempendeza.

Mpiga picha alikuwa kijana mwenye haraka zake. Alimkalisha Bibi kwenye stuli mbele ya pazia jeupe, akamnyoosha mabega, akamweleza kwamba picha ya pasi haitaki kucheka, uso utulie, macho mbele. Bibi akasema hilo ni jepesi, yeye si mtu wa kucheka. Mama Pacha akaja kusimama nyuma ya kamera ili Bibi apate pa kutazama. Kijana akapiga. Akaangalia, akatikisa kichwa. Akapiga tena. Mara ya tatu akashusha kamera, akamuuliza Bibi kinachomfurahisha ni nini.

"Sijui," Bibi akasema. "Kila nikimwona huyu, naiona ile miguu."

Kijana hakuelewa, na hakuna aliyemwelewesha. Alimwomba tu Mama Pacha kwa adabu, mama, tafadhali, tupishe kidogo. Mama Pacha akatoka nje, akasimama barazani na bahasha ya picha zake mwenyewe mkononi, na kutoka ndani akamsikia Bibi akiulizwa kama yuko tayari, naye akijibu kwamba yuko tayari, apige.